Mirihi na Upawa wa Supu

Kazi yangu ni kuvunja mifupa. Kila asubuhi naweka mguu wa ng'ombe juu ya gogo, naupiga shoka mara tatu au nne, uboho unanirukia usoni, kisha vipande vinaingia sufuriani. Nimefanya hivyo hapa Mabwerebwere, Kilosa, kwa zaidi ya miaka ishirini, na wanaokunywa supu yangu ya makongoro wanajua mambo mawili: supu ni nzito na mwenye supu ni mkali. Sijisifu. Hasira zimenivunjia vyombo, zimenifukuzia wateja, na ziliwahi kunilaza mahabusu nilipommwagia mtu maji ya moto miguuni kwa sababu alisema utumbo wangu unanuka. Ulikuwa haunuki.

Mimi na paka wangu tulifanana tabia. Mume wangu alikuwa utingo wa lori, na alimleta kutoka Mikumi ndani ya boksi la sabuni. Alisema alimkuta kwenye maegesho ya malori, chini ya tairi, anang'ang'ana na panya aliyekaribia kumzidi ukubwa, damu ya panya na damu yake zimechanganyika. Akampenda papo hapo. Mwaka uliofuata lori lao lilipinduka na shehena ya saruji kwenye barabara ile ile ya hifadhini, na waliomtoa mume wangu walitumia mtaimbo. Hatukujaaliwa mtoto. Nikabaki na paka.

Hakuwahi kupewa jina. Tulimwita paka, naye aliitika. Sikio la kushoto lilichanwa vipande viwili na paka mwenzake, na huyo mwenzake hakuonekana tena mtaani. Mbwa wa nyumba ya nyuma alimjaribu mara moja akarudi kwao na jicho moja. Nilipokuwa navunja mifupa alikaa hatua mbili kutoka kwenye gogo, na shoka liliposhuka hakupepesa macho. Alipofika miaka kumi na saba alikuwa kiumbe pekee aliyebaki ambaye aliwahi kulishwa kwa mkono wa mume wangu. Nilijiambia kwamba akifa yule paka, nyumba yote itakuwa haimjui tena yule bwana, isipokuwa mimi peke yangu. Ndiyo maana sikutaka afe. Sina sababu nyingine ya kutoa.

Mtu wa tatu katika habari hii ni jirani yangu, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye karakana yake inatazamana na jiko langu. Yeye ni Mnyamwezi, mimi Msagara. Babu yake aliletwa Kilosa kukata mkonge, akafia hapa. Watu wao na watu wetu ni watani, na yule fundi hakuuacha utani ulale hata siku moja. Ni mdogo kwangu kwa miaka tisa, lakini hakuwahi kuniamkia. "Nitampaje shikamoo mjakazi wangu?" alikuwa anauliza mbele ya wateja. "Babu yangu alimnunua bibi yako kwa jembe bovu." Nami nilimjibu kwamba babu yake alipita hapa na mzigo kichwani, akaomba maji kwetu, akapewa ya kuoshea sufuria. Watu walicheka, wakaagiza supu nyingine.

Siku ya kumzika mume wangu, kaburi lilipokuwa tayari, fundi alirukia ndani akalala chali, akakunja mikono kifuani. Akasema hatoki, kwa sababu marehemu hawezi kulala peke yake mahali palipochimbwa vizuri hivi, na kama nataka nafasi hiyo nimpe jogoo. Mchungaji alicheka. Mimi niliyekuwa sijafumbua mdomo kwa siku tatu nilicheka mpaka nikalia, na baada ya kulia nikaweza kula. Jogoo nilimpa. Bila yule mtu sijui ningekuwa wapi, na nasema hivyo nikijua ninachokwenda kusimulia.

Ugonjwa wa paka ulianza na maji. Alikunywa bakuli zima, akarudi kunywa tena, huku mwili unakauka. Kisha akaanza kutapika povu la njano. Kisha fizi zikatoa damu, na mdomo wake ukanuka kama mkojo. Siku moja aliruka kutoka kwenye benchi akaanguka ubavu, akajaribu kusimama, miguu ya nyuma ikamkatalia, akaning'ata mkono nilipomwinua. Alining'ata kwa nguvu zake zote. Nilifurahi kwamba bado alikuwa nazo.

Nilimwita bwana mifugo. Alizoea ng'ombe, akamshika paka kwa woga, akambonyeza tumbo, akanusa mdomo. "Figo, mama. Zimechoka. Ni uzee."

"Uzee unatoa damu mdomoni?"

"Unatoa, mama."

Nikamwambia arudi shule. Alimchoma sindano moja akaondoka haraka, na paka hakupata nafuu. Mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba damu ile ina mkono wa mtu nyuma yake. Mtu mkali anafikiri hivyo. Hawezi kuona kitu kinakufa bila kutafuta wa kumpiga.

Fundi alikuwa anaangalia kutoka ng'ambo, miwani ya kuchomelea imepandishwa juu ya paji la uso. "Msimsumbue bwana mifugo," alipaza sauti. "Sumu nimemtilia mimi. Akifa nipeni ngozi, nishone kofia ya kuvaa kwenye matanga ya huyu mjakazi."

Siku ile nilimrushia kifupa. Akakidaka, akakifyonza, akasema hakina uboho. Nilicheka. Nataka hilo likumbukwe, kwamba mara ya kwanza nilicheka.

Aliyenipeleka Mikumi ni dereva mmoja anayekunywa supu kwangu. Alisema kule kuna mwalimu mstaafu wa hisabati anayesoma nyota za maswali, na kwamba aliwahi kumwambia kwa usahihi mahali lilipo lori lake lililoibwa. Mimi ni mtu wa kanisa. Lakini paka alikuwa hajala siku tatu, na kanisani nilikuwa nimeshaomba.

Nilipanda basi dogo asubuhi, nikamwacha paka ndani na bakuli la mchuzi. Karibu na Mikumi kulikuwa na nyani aliyegongwa, bado anatikisa mkono mmoja, na wenzake wamekaa pembeni mwa lami wanamtazama. Lori lililokuja nyuma yetu likamaliza kazi. Nilimfikiria mume wangu na ule mtaimbo, nikashuka nikiwa tayari nimekasirika.

Mwalimu alikaa kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya wageni, mezani pana simu, rula na madaftari ya mistari. Alikuwa mzee mwembamba mwenye sweta licha ya joto. Nikamwamkia, akaitikia. Nilitegemea aniulize jina langu na la mama yangu, kama wafanyavyo wapiga ramli wote ninaowajua. Hakuuliza.

"Sihitaji jina," alisema. "Wala siku uliyozaliwa. Mimi nasoma nyota ya swali. Swali nalo linazaliwa, mama. Linazaliwa pale mimi ninapolisikia na kulielewa. Kwa hiyo sema moja tu, na uliseme vizuri."

"Paka wangu mzee anaumwa. Je, atapona?"

Akatazama saa ya simu. Saa nne na dakika kumi na nane. Akaiandika kabla ya kitu kingine chochote, akachora mraba, akaugawa kwa rula vyumba kumi na viwili, ambavyo yeye aliviita nyumba, akawa ananakili kutoka kwenye simu sayari moja moja mahali pake. Alifanya taratibu, kama anasahihisha mitihani. Alinieleza kadiri alivyoandika, nami niliyasikia maneno yake yote, ila niliyabeba nusu.

"Wakati ulipouliza, buruji, yaani kundi la nyota, iliyokuwa inachomoza ni Akarabu, nge. Kwa hiyo mwenye nyumba ya kwanza ni Mirihi. Nyota ya chuma, moto, damu. Mkono mwepesi. Nyumba ya sita ndiyo ya maradhi, na ndiyo hiyo hiyo ya wanyama wadogo wa kufugwa. Humo yumo Zohali. Zohali ni uzee, mama. Ni ukavu, ni mifupa, ni safari isiyo na kurudi. Sioni sumu. Sioni..."

"Nani mwenye chuma na moto?"

"Hukuuliza hilo."

"Nauliza sasa."

"Swali moja, saa moja. Ukilazimisha la pili kwenye mchoro wa la kwanza, linatoka jibu bovu." Akafunika kalamu. "Mpe maji, mpe mahali pa kivuli. Kaa naye. Ndiyo kazi iliyobaki."

Nilipiga meza kwa kiganja hadi simu yake ikaanguka. Nilimwita mwongo na mchawi wa daftari. Yule mzee aliinama polepole akaokota simu yake, akaipangusa. Nikatoka. Njia nzima ya kurudi Kilosa nilikuwa nasema moyoni chuma, moto, chuma, moto, na kila niliposema niliona cheche za karakana ya jirani yangu. Uzee nilikuwa nimeuacha Mikumi, mezani kwa yule mwalimu.

Asubuhi ya pili nilivunja mifupa kama kawaida. Paka alikuwa amelala juu ya gunia karibu na gogo, kichwa amekiegemeza chini, jicho moja limejaa tongo. Supu ilikuwa inachemka na wateja kama kumi walikuwa kwenye mabenchi. Fundi alikuwa anakata nondo, cheche zinaruka hadi barabarani. Alizima mashine yake akavuka kuja kuchukua kifungua kinywa, akasimama mbele ya sufuria, akamtazama paka. Sasa najua kwamba alimwonea huruma. Nilikiona kitu usoni mwake na nikakisoma nilivyotaka.

"Mjakazi wangu umerudi kutoka kwa waganga?" alisema. "Na huyu bado yupo? Basi sumu yangu imechacha. Kesho namwongezea."

Upawa wangu ni wa chuma, mpini wake ni mrefu kama mkono. Ulikuwa umejaa. Nilimpiga nao mdomoni.

Nilisikia meno. Mtu anayevunja mifupa kila siku anajua sauti hiyo. Supu ilimwagika shingoni na kifuani mwake, akapiga ukelele ambao sikuwahi kumsikia mwanaume akiupiga, akarudi kinyumenyume hadi akaanguka juu ya mabati yake yaliyokuwa pembeni mwa barabara. Bati moja lilimchana kiganja. Nikamfuata. Nilimpiga tena begani, na tena mkononi alipouinua kujikinga, na kila pigo nilikuwa napiga kelele: "Muuaji! Umemuua! Muuaji!"

Hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo bado linanitisha. Wateja walisimama. Wengine walikuwa wapita njia tu, hawakujua tunazungumzia paka. Walisikia neno muuaji na waliona mtu yuko chini, anavuja damu. Mmoja aliokota kipande cha nondo kutoka kwenye mabati ya fundi mwenyewe. Mwingine alikuwa na jiwe. Walinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele, na walikuwa wanasubiri neno moja zaidi. Nililijua hilo neno. Lilikuwa ulimini.

Sikulisema, lakini sitajipamba. Sikunyamaza kwa huruma. Nilinyamaza kwa sababu fundi, damu inamtoka kati ya vidole, alikuwa ananitazama na alikuwa anatafuta utani. Niliona anautafuta. Midomo ilikuwa inajaribu kukunjuka. Alisema, "Mtani..." akatema jino, akaliangalia kwenye kiganja, na baada ya hapo hakusema tena.

"Mama, amemuua nani?" aliuliza yule mwenye nondo.

"Hakuna," nilisema. "Hakuna aliyekufa. Ondokeni."

Wakaondoka shingo upande. Kijana mmoja aliyepanga chumba kwangu alimpakia fundi kwenye bodaboda, akapelekwa kushonwa. Meno mawili yalikuwa yamekatika na la tatu linacheza. Ngozi ya shingo ilibabuka sehemu ya ukubwa wa chapati.

Mwenyekiti wa mtaa aliniita mchana. Nilikwenda nikitegemea kusikia habari za polisi. Hakuzitaja, na fundi hakuwa amekwenda kushtaki. Wazee wawili walikuwa wamekaa naye, mmoja wa upande wetu.

"Umempiga mtani?" yule wa kwetu aliuliza.

"Alisema amempa paka sumu."

"Alisema kama nani?"

Nikatazama mlango.

"Nakuuliza, mwanangu. Alisema kama nani?"

"Kama mtani."

Mzee alishika kichwa. Meno na damu havikumshangaza, ameyaona mengi. Alichoshindwa kukimeza ni kwamba mtu mzima wa ukoo wake aliambiwa neno la utani akakasirika. Alisema hajawahi kusikia. Aliliita aibu, akalirudia mara tatu, na akanipa sharti la kwenda kwa fundi na jogoo mweupe na kuomba radhi. Nilikwenda jioni ile ile. Mke wake alimpokea jogoo mlangoni, akasema mgonjwa amelala.

Siku iliyofuata nilimpigia simu yule mwalimu wa Mikumi. Nilitaka wa kumlaumu, na nilikuwa nimebakiwa na yeye tu. Nikamwambia amenipotosha, nyota yake ya chuma imemwaga damu ya mtu asiye na kosa.

Nilisikia anafungua daftari.

"Mama, nyumba ya kwanza ni ya muulizaji. Katika swali lolote. Mwenye nyumba hiyo ni wewe."

"Mimi?"

"Mirihi ni wewe. Nilikuwa nakueleza uliyekaa mbele yangu. Na kwa bahati, nyumba ya sita siku ile ilianzia buruji ya Hamali, kondoo, ambayo nayo ni ya Mirihi. Wewe na paka wako mlikuwa chini ya nyota moja. Nilitaka nikwambie hilo, nilidhani litakufariji, ukapiga meza."

Sikumwomba radhi wakati ule. Nilikata simu. Nikaenda kukaa chini karibu na gunia la paka, nikautazama mkono wangu, mkono uliovunja mifupa maisha yote na sasa umevunja ya mtu. Niliuchukia. Paka akasogeza kichwa akakiweka juu yake.

Aliishi siku nne zaidi. Nilimpa maji kwa kijiko na nilimhamisha kufuata kivuli. Alikufa mchana, wakati joto limekaza na hakuna mteja. Aliniparura kidogo mwishoni, kucha moja ikabaki kwenye kanga, kisha akanyooka. Nilipiga kelele mara moja tu, lakini mtaa wa kwetu ni mdogo.

Fundi alitoka karakana na jembe begani. Alikuwa na bandeji kiganjani na nyingine shingoni, na midomo imevimba. Hakuniuliza. Mtani ndiye anayezika, hata kama ni paka, hata kama umemng'oa meno. Hilo alilijua kuliko mimi. Alizunguka nyuma ya nyumba, akachagua mahali chini ya mpapai, akaanza kuchimba. Jembe lilimuuma mkononi, nilimwona akibadilisha mikono. Alichimba kina cha haki, akanyoosha kingo kwa ncha ya jembe, akasawazisha chini.

Nilimleta paka nimemfunga kwenye shati la mume wangu. Nikasimama pembeni mwa shimo. Nilikuwa nasubiri. Nilisubiri adai ile ngozi ya kofia, au anyang'anye shati, au aingize mguu shimoni aseme hapa pananitosha mwenyewe. Jogoo mwingine nilikuwa nimeshamfunga kamba nyuma ya jiko, tayari. Nilikuwa nimeshaanza kulia ile nusu ya kilio inayongoja kicheko kiimalizie.

Fundi alimpokea paka kwa mikono miwili akamlaza. Akafukia. Akashindilia udongo kwa mgongo wa jembe, akavua kofia yake.

"Pole sana, dada," alisema, herufi zinapita kwenye pengo la meno. "Mungu akutie nguvu."

Akaosha jembe kwenye ndoo, akarudi kazini kwake.

Jogoo nilimpeleka baadaye, akashukuru kwa heshima. Kidonda cha shingo kimepona na kimeacha baka jeupe. Ameweka meno ya bandia. Nilisharudi Mikumi kumwomba radhi yule mwalimu, naye alinipa kiti na chai. Mambo yote yametulia, na watu wanasema tumesameheana, nami nadhani ni kweli, maana hana kinyongo, ananunua supu kwangu kila siku kama zamani. Mara mbili nimejaribu kumwanza. Nilimwambia babu yake alikuwa anabeba mizigo ya watu mpaka kichwa kikawa bapa. Alitabasamu, akafunika mdomo kwa kiganja, akasema ni kweli, wazee wetu walipata tabu.

Kila asubuhi anavuka barabara na bakuli lake. Nikimwona anakuja naweka upawa chini, mbali na mkono wangu, ili auone umelala. Anasimama hatua mbili kutoka kwenye sufuria, anainamisha kichwa kidogo, mtu wa adabu zake.

"Shikamoo, dada."

Nami naitika marahaba.